Tuandikie vijana bila kuwahubiria

Mi naona kuko shida moja kubwa na hadithi zenye tunaandikia vijana huku Bukavu, mashariki ya Kongo: mwandishi ameshapanga mafunzo mbele ajue mtoto mwenyewe. Msichana wa miaka 16 anapenda kijana kwenye ukurasa wa kwanza, na palepale unajua itaishia kwa mimba, ama kwa pasta anamuombea. Kijana wa mtaa wetu wa Kadutu akisoma kurasa mbili anaacha, na ana haki, mahubiri anayapata kanisani, nyumbani na shuleni kila siku.

Chukua jambo lenye kila mtu aliyesoma huku analijua. Primeri (shule ya msingi) ya Leta, ya serikali, ni bure tangu 2019 lakini sekondari wazazi bado wanalipa minervali, pesa ya masomo, basi prefe, mkuu wa shule, anaingia na listi mkononi, anasoma majina ya wenye hawajalipa, wanasimama, wanakusanya madaftari, wanatoka. Mtu mzima akiandika hiyo ataandika umaskini, ataweka mama analia jikoni na serikali ndani. Lakini huyo msichana mwenye ameitwa, shati jeupe na jipe (sketi) ya bulu, chenye kinamuunguza saa ile ni kwamba kijana mwenye anakaa nyuma yake amesikia jina. Anafunga sakado, mfuko wake wa mgongoni, polepole kama mtu mwenye alikuwa anataka kwenda tu, anacheka na rafiki yake kidogo, na akifika inje hataki kurudi nyumbani juu mama atauliza, anashuka mpaka Nyawera anazungukazunguka pale sokoni mpaka wenzake watoke. Hapo njo hadithi iko! Umaskini msomaji atauona mwenyewe, usimuelezee.

Vita pia. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025 na huku kwetu Februari, watu wakisikia hadithi ya kijana wa Kivu wanangojea risasi na kukimbia. Sikatai, ni maisha yetu, tuyaandike. Ila hata wakati kama ule mtoto wa miaka 15 anagombana na kaka yake juu ya chaja, anangojea meseji ya mtu mmoja, anachukia vyenye sauti yake inabadilika, na ukimuondolea hayo yote anabaki picha ya ripoti tu.

Na aongee vyenye anaongea na wenzake. Katiba ya 2006 imeweka Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa lakini vitabu vya sekondari ni vya Kifaransa, sasa kwa wengi riwaya imekuwa kitu cha kuulizwa kwa egzame (mtihani). Kiswahili chetu cha huku, na vipande vya Kifaransa ndani, kinabeba mapenzi na hasira vizuri kabisa.

Kama hauna pesa ya kuchapa, tuma kwa WhatsApp, sehemu moja kila juma, maandishi tu juu hayakuli mega nyingi, na huko njo wanasoma.