Ayubu Hakunyamaza

Mdogo wangu alipofariki, nyumba ilijaa watu kabla hata turubai halijafungwa. Mama alikaa mkekani sebuleni, miguu ameinyoosha, khanga imemfunika kichwa. Kila aliyeingia alikuja na neno lake. "Mungu amempenda zaidi." "Kazi ya Mungu haina makosa." Mzee mmoja wa kanisa akainama na kumwambia kwamba kulia sana ni kupungukiwa imani. Mama akajifuta machozi kwa pindo la khanga, akasema asante baba. Nilitamani kumtoa yule mzee nje.

Akaja jirani mmoja, hakusema kitu. Alipitiliza uani, akavuta kigoda, akamenya viazi mpaka jioni. Usiku alilala palepale mkekani, ubavuni kwa mama. Siku ya tatu ndipo nilipoisikia sauti yake, naye alikuwa anauliza chumvi iko wapi.

Tangu hapo siwezi kumsoma Ayubu, yule wa Biblia aliyepoteza mifugo na watoto wake wote, kama nilivyofundishwa utotoni. Ayubu wa mahubiri yetu anaishia sura ya kwanza: Bwana alitoa, Bwana ametwaa, amina, tutoe sadaka. Ukifika sura ya tatu unamkuta anailaani siku aliyozaliwa, na mpaka sura ya 31 bado analalamika, anataka kesi yake isikilizwe, anamdai Mungu majibu. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri mno. Walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kutamka neno. Matanga kabisa hayo! Waliharibu walipofungua midomo. Na ukiyasoma maneno yao harakaharaka utasema amina: Mungu ni wa haki, kwa hiyo wewe umekosa mahali, tubu. Sasa nenda sura ya 42 uone Mungu amemkasirikia nani. Elifazi na wenzake wanaambiwa watoe ng'ombe saba na kondoo waume saba, na yule mlalamikaji ndiye awaombee.

Tumechanganya uvumilivu na ukimya, ndivyo ninavyoona. Mama aliacha kwaya miezi kadhaa, watu wakanong'ona kwamba amerudi nyuma. Mimi niliyelala chumba cha pili nilimsikia kila alfajiri kupitia ukutani. "Baba, unajua nilikuomba nini." Kimya kirefu. "Nilikuomba nini?" Kisha anaanza upya. Aliyemkatia Mungu tamaa haamki saa kumi na moja kumdai.

Alirudi kwaya mwenyewe, bila kuitwa. Mwaka uliofuata akaja mhubiri mgeni na habari ya Ayubu, safari hii kutoka mwisho wa kitabu. Kondoo 7,000 wakawa 14,000! Ngamia 3,000 wakawa 6,000! Mwambie jirani yako, pokea mara mbili! Kanisa zima likasimama, vigelegele, kinanda kikaitikia. Mama alibaki ameketi, Biblia imefunguka mapajani, kidole kinapita mstari kwa mstari.

Njiani kurudi nyumbani hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye daraja.

"Mifugo aliongezewa mara mbili," akasema. "Watoto alikuwa nao kumi, akapewa kumi."

Tukavuka.

"Wale wa kwanza hakurudishiwa."