Meningioma na vipimo vya jeni: vinamsaidia mgonjwa au vinaongeza bili tu?

Meningioma ni uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, wanawake ndio wanaoupata zaidi, na mara nyingi sio kansa, unatolewa na mtu anaendelea na maisha yake. Shida ni ile inayorudi. Kwa miaka mingi, tangu daktari wa upasuaji Simpson aandike kuhusu hili 1957, madaktari waliangalia hasa uvimbe umetolewa wote au umebaki, na seli zinaonekanaje kwenye hadubini, sasa unakuta mtu kaambiwa daraja la kwanza, yaani lile pole kuliko yote matatu, halafu baada ya muda uko palepale.

Ndo maana 2021 WHO walibadilisha utaratibu, jeni za CDKN2A/B zinazozuia seli kuongezeka ovyo zikikutwa zimefutika kabisa, au promota ya TERT (swichi inayowasha jeni hiyo) imebadilika, huo unahesabiwa daraja la tatu, lile kali zaidi, hata kama kwenye hadubini unaonekana mpole.

Kuna wanaosema haya mambo ni ya maabara za wenzetu tu, na kwa upande wa dawa wana hoja nzito. Mabadiliko ya jeni za NF2, AKT1 na SMO kwenye uvimbe huu yanajulikana zaidi ya miaka 10 sasa, dawa zinajaribiwa, ila matibabu yenyewe bado ni kisu na mionzi. Ukilipia kipimo ukitegemea utapewa kidonge utaumia bure.

Ila kwenye mionzi mimi nasimama na vipimo kabisa. Uvimbe wa daraja la pili ukishatolewa wote, umchome mgonjwa mionzi au umsubirie na picha za MRI? Mionzi kichwani inachosha, inaweza kugusa kumbukumbu, sio kitu cha kumpa mtu kwa kubahatisha. 2023 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa kipimo cha jeni 34, na karibu 30% ya wagonjwa ushauri wa mionzi ungeweza kubadilika. Hiyo sio bili tu jamani.

Na sio lazima kuanza na kipimo cha bei kubwa, maabara inayopaka rangi za protini inaweza kuangalia protini ya MTAP, ambayo jeni yake iko jirani na CDKN2A, ikikosekana kuna uwezekano CDKN2A nayo imeondoka. Kwahiyo ndugu wa mgonjwa ulizeni, kile kinyama kilichotolewa kipo kwenye nta, kimehifadhiwa wapi? Kisitupwe, kinaweza kupimwa hata baadae.

Halafu kuna hili la sindano ya uzazi wa mpango, ile depo ya miezi mitatu ambayo huku kwetu inatumika sana. Utafiti wa Ufaransa kwenye jarida la BMJ 2024 uliona waliochoma kwa mwaka na zaidi hatari ya meningioma inapanda zaidi ya mara 5, ingawa ugonjwa wenyewe ni wa nadra hivyo asiyeumwa asiache kwa hofu. Ila mwenye meningioma tayari ni habari nyingine, maana baadhi ya uvimbe unaohusiana na homoni za aina hiyo umeonekana kusinyaa zikiachwa, basi mama aulizwe anachoma nini kabla hajaandikiwa kipimo chochote cha jeni.