Kisukari na seli za utando wa kinywa: tunaweza kuziamini kiasi gani?

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa kumekuwa na pendekezo linalojirudia katika maandiko ya kitabibu: kwamba seli zinazokwanguliwa kwa kijiti kutoka upande wa ndani wa shavu, zikapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, zinaweza kumwonyesha daktari kama mwenye kinywa hicho ana kisukari. Pendekezo hili linavutia, kwa sababu ukwanguaji huo hauumi, hauhitaji sindano, wala haumlazimu mtu kufika hospitali akiwa hajala kitu tangu jana yake. Kwa maoni yangu limejengwa juu ya jambo la kweli lililoonekana, lakini hitimisho linalotolewa limeuacha ushahidi nyuma, na pengo hilo lina uzito mkubwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki ambao huenda wakaketi kwenye kiti cha daktari wa meno miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kuwapima sukari.

Utando wa ndani ya shavu ni tabaka nyingi za seli zilizopangana. Seli changa huzaliwa chini kabisa, karibu na tishu yenye mishipa ya damu, kisha husukumwa juu taratibu hadi zinapobanduka na kumezwa pamoja na mate. Kwenye shavu safari hiyo huchukua takriban wiki mbili. Kwenye fizi ni ndefu zaidi. Kadiri seli inavyopanda ndivyo mwili wake unavyotanuka na kuwa bapa, huku kiini chake kikisinyaa, na ndiyo sababu mtaalamu anayetazama seli za juu hutarajia kuona kiini kidogo katikati ya seli pana. Utando wenyewe hauna mishipa ya damu ndani yake, hivyo chakula na oksijeni hupenya kutoka chini. Aidha, seli za namna hii huingiza glukosi bila kutegemea sana insulini, tofauti na misuli, kwa hiyo sukari inapopanda katika damu nazo hupokea zaidi, ziwe zinaihitaji au haziihitaji.

Wanaoamini kwamba kisukari huigusa seli moja kwa moja wana hoja nzito. Mwaka 2003 Alberti na wenzake nchini Brazil walilinganisha seli za kinywa za watu wenye kisukari cha aina ya pili na za watu wasio nacho, wakakuta kwamba viini vya wagonjwa ni vikubwa zaidi, ilhali ukubwa wa seli nzima haukutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Waliona pia seli zenye viini viwili na nyingine ambazo viini vyake vilikuwa vimevunjikavunjika. Uchunguzi wa aina hiyo uliofuata Iran na India ulielekea upande uleule. Tafsiri ya watetezi ni kwamba seli ya mgonjwa wa kisukari haikomai ipasavyo: hufika juu ikiwa bado na kiini kikubwa ambacho kingepaswa kuwa kimeshasinyaa.

Njia ya madhara hayo nayo inaeleweka. Glukosi iliyozidi hujinasa kwenye protini bila msaada wa kimeng'enya chochote, na baada ya muda protini hizo hugeuka kuwa masalia ambayo mwili hauyaondoi kwa urahisi. Masalia hayo huamsha vipokezi vilivyo kwenye kuta za seli na kuiweka tishu katika mchochota usioisha. Kuta za mishipa midogo iliyo chini ya utando hunenepa, na seli nyeupe za damu huchelewa kufika panapohitajika na hupigana kwa udhaifu zikishafika. Hayo ndiyo yanayoharibu figo na macho ya mgonjwa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kinywa kingesamehewa. Kidonda cha kinywani ambacho kwa kawaida hufunga ndani ya siku chache huchelewa kupona, na fizi huachia jino mapema. Mwaka 1993 Harald Løe aliuita ugonjwa wa tishu zinazoshikilia meno kuwa tatizo la sita linalotokana na kisukari, akijiegemeza kwa sehemu kubwa kwenye utafiti wa muda mrefu miongoni mwa Wapima wa Arizona, Marekani, jamii yenye kiwango cha juu sana cha kisukari cha aina ya pili.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote, hata hivyo, hautokani na kupima viini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Glasgow, Uskoti, walichukua seli za shavu kutoka kwa watu wenye kisukari na wasio nacho, wakazichanganya na fangasi aina ya kandida nje ya mwili, na wakaona kwamba seli za wenye kisukari hushikwa na fangasi wengi zaidi. Thamani ya jaribio hilo iko katika mahali lilipofanyikia. Seli zilikuwa zimetolewa kinywani, zimetenganishwa na mate ya mgonjwa yaliyopungua na damu yake yenye sukari, na bado tofauti ikabaki nazo. Kama kungekuwa hakuna lolote lililobadilika kwenye seli yenyewe, tofauti hiyo ingetoweka au kufifia sana. Nadhani jambo hili linatosha kumfanya mtu mwadilifu akubali kwamba kisukari huacha athari kwenye ngozi laini ya kinywa.

Kukubali hivyo, lakini, si kukubali kwamba kila badiliko linaloonekana kwenye kioo limeletwa na sukari. Upande wa pili wa mjadala unaanza na mate. Kisukari kisichodhibitiwa humfanya mtu akojoe mara kwa mara na kupungukiwa maji, na mate yake hupungua. Tena wagonjwa wengi wana shinikizo la damu pia, na baadhi ya dawa za shinikizo, hasa zile za kuongeza mkojo, hukausha kinywa. Utando usiolowa husuguliwa na chakula na meno, seli za juu hubanduka kabla ya wakati, na tabaka za chini hulazimika kuzaa kwa haraka ili kuziba pengo. Matokeo yake ni seli changa, zenye viini vikubwa, kukutwa karibu na uso. Hiyo ni picha ileile ambayo upande wa kwanza huieleza kuwa ni seli iliyoshindwa kukomaa kwa sababu ya sukari. Maelezo mawili yanayotofautiana kabisa yanazaa kipimo kimoja, na hadubini peke yake haiwezi kuyatenganisha.

Kisha kuna metfomini. Hii ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, na kwa haki kabisa, kwa kuwa ni nafuu na imethibitika. Lakini matumizi yake ya muda mrefu hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12 kwa baadhi ya watu. Tangu miaka ya 1950 imejulikana kwamba mtu mwenye upungufu wa B12 au foleti hupata viini vikubwa kwenye seli za shavu, kwa sababu utengenezaji wa DNA hucheleweshwa ilhali seli inaendelea kukua. Hapa ndipo hoja ya upande wa kwanza inapotikisika zaidi. Utafiti unaomlinganisha mgonjwa aliyemeza metfomini kwa miaka kumi na mtu mwenye afya asiyetumia dawa yoyote, bila kupima B12 ya wote wawili, hauwezi kusema kama alichokiona ni kisukari au ni tiba yake.

Fundisho la namna hiyo limeshatokea katika historia ya kinywa na kisukari. Katika miaka ya 1960 Grinspan, daktari wa Argentina, aliwaeleza wagonjwa waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja: kisukari, shinikizo la damu, na mabaka meupe yenye michirizi kwenye utando wa kinywa ambayo madaktari huyaita laikeni planasi. Muungano huo ulipewa jina lake na ukafundishwa vyuoni. Baadaye ilidhihirika kwamba baadhi ya dawa za zamani za kushusha sukari, na baadhi ya dawa za shinikizo, zina uwezo wa kuleta mabaka yanayofanana sana na hayo, na hadi leo kuna wanaoamini kwamba kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo utando ulikuwa ukilalamikia vidonge.

Ukitaka kuleta kipimo hiki pwani yetu au bara, vikwazo vinaongezeka. Tumbaku ya kuvuta, ugoro, tambuu na pombe kali zote hugusa seli hizohizo za shavu, na mara nyingi kwa nguvu kuliko sukari. Umri nao hubadilisha utando. Zaidi ya hapo, kiini kilichokua kuliko kawaida ni miongoni mwa dalili ambazo mtaalamu huzitafuta anaposhuku mwanzo wa saratani ya kinywa, kwa hiyo kioo cha mgonjwa wa kisukari kinaweza kuzua hofu isiyostahili, au, jambo baya zaidi, kiini chenye hatari halisi kikahesabiwa kuwa ni cha sukari tu na mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Kuna swali la muda ambalo naona halijapewa nafasi inayostahili. Kipimo cha HbA1c, yaani cha sukari iliyojinasa kwenye chembe nyekundu za damu, kinaakisi sukari ya miezi miwili hadi mitatu kwa sababu chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Seli ya shavu huishi wiki mbili. Kama sukari ndiyo inayokuza kiini moja kwa moja, basi mgonjwa anayeidhibiti vizuri angepaswa kuonyesha viini vya kawaida baada ya majuma machache, kwani seli za zamani zote zitakuwa zimekwisha kubanduka. Kama viini vitabaki vikubwa, basi tatizo liko chini zaidi, kwenye mishipa iliyonenepa au kwenye seli mama za tabaka la mwisho, na hilo lingefanana na tunachokijua kuhusu macho na figo, ambako madhara ya miaka ya udhibiti mbaya huendelea kuonekana hata baada ya sukari kushuka. Tafiti nyingi zilizopo zilichukua sampuli mara moja tu kutoka kwa kila mtu, kwenye vikundi vidogo, na kwa hiyo haziwezi kujibu swali hili hata kidogo.

Hapo ndipo matumizi ya kutafuta wagonjwa wapya yanaponitia shaka. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika kanda yake ya Afrika takriban 54% ya watu wazima wenye kisukari hawakuwa wakijua kuwa wanacho, na mtu akiisoma takwimu hiyo huona mara moja kwa nini kila njia mpya ya kuwatambua hupokelewa kwa shangwe. Watetezi wana jambo la ziada la kweli: kwa watu wenye selimundu, ambao ni wengi katika ukanda wa Ziwa Viktoria, HbA1c hudanganya, kwa sababu chembe zao nyekundu hazidumu muda wa kutosha kukusanya sukari. Lakini sukari ya damu inayopimwa asubuhi kabla ya kula, ambayo ikifika milimoli 7.0 kwa lita na kurudia siku nyingine huthibitisha ugonjwa, haitegemei umri wa chembe nyekundu. Tone la damu kwenye mashine ndogo hutoa jibu chini ya dakika moja kwenye zahanati isiyo na umeme. Seli za shavu zinahitaji rangi za maabara, hadubini, na mtaalamu wa patholojia, ambaye katika nchi zetu ni adimu na kwa kawaida yuko kwenye hospitali kubwa ya mjini. Wastani wa kundi moja kuzidi wastani wa kundi jingine pia haumaanishi kwamba mtu mmoja mmoja anaweza kupangwa upande wake. Vipimo vya wagonjwa na vya wasio wagonjwa huingiliana sana.

Kwa hiyo naupa upande wa kwanza ushindi katika suala la baiolojia na kuunyima katika suala la kipimo. Seli huathirika, na kwa sababu huathirika, kinywa kinapaswa kutufikisha kwenye kipimo cha damu mapema kuliko ilivyo sasa. Mtu mzima anayerudi na utando mweupe wa fangasi ambaye hana sababu nyingine iliyo wazi, au ambaye fizi zake zinalegea katika umri usiotarajiwa, au ambaye jeraha la jino lililong'olewa linasuasua kupona, apimwe sukari hapohapo kliniki ya meno badala ya kupewa nistatini, dawa ya fangasi, kwa mara nyingine na kuambiwa asukutue. Upande wa kliniki ya kisukari, ambako miguu na macho hukaguliwa kwa utaratibu, mgonjwa aombwe kufungua kinywa. Kutibu fizi kunaweza hata kusaidia sukari yenyewe, ingawa majaribio yamepishana: moja kubwa la Marekani la mwaka 2013, lenye washiriki 514, halikuona faida baada ya miezi sita, ilhali lile la London la mwaka 2018, ambamo matibabu yalikuwa ya kina zaidi na ya mwaka mzima, lilikuta HbA1c ikiwa chini kwa takriban 0.6 ya asilimia.

Kuhusu seli zenyewe, utafiti unaoweza kumaliza ubishi si wa gharama kubwa, na Muhimbili, Nairobi na Makerere, zote zenye mafunzo ya udaktari wa meno, zingeweza kuufanya. Wachukuliwe watu waliogunduliwa kuwa na kisukari wiki hiyohiyo, kabla ya kidonge cha kwanza cha metfomini. Wapimwe B12, foleti na wingi wa mate. Watumiaji wa tumbaku na tambuu watenganishwe na wengine. Seli zikwanguliwe siku ya kwanza, kisha baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu ya matibabu, na msomaji wa vioo asiambiwe ni cha nani wala ni cha lini. Viini vikisinyaa sambamba na kushuka kwa sukari, nitakuwa tayari kuukubali ukwanguaji wa shavu kama njia ya kufuatilia mgonjwa, japo bado si ya kumgundua.