Ukuta uko kulia, na bado anapiga kulia

Tarehe 14 Julai 1946, katika uwanja wa Fenway mjini Boston, Ted Williams, mpigaji wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox, alipiga homurani tatu, mipira iliyopaa ikavuka uzio, katika mechi ya kwanza kati ya mbili zilizochezwa siku hiyo dhidi ya Cleveland. Lou Boudreau, aliyekuwa mchezaji na kocha wa Cleveland kwa wakati mmoja, aliingia mechi ya pili na dawa yake. Williams alikuwa mpigaji wa mkono wa kushoto, na mipira yake mingi ilikwenda kulia. Basi Boudreau akawahamishia walinzi karibu wote upande huo, kushoto akabaki mmoja. Nusu nzima ya uwanja ikawa wazi, na Williams akaendelea kupiga kulia.

Tangu siku ile watazamaji wa besiboli wameuliza swali lile lile kuhusu David Ortiz, Ryan Howard, Chris Davis na wapigaji wenzao wa mkono wa kushoto: mlango uko wazi kushoto, kwa nini mtu agonge ukuta wa kulia? Jibu linalotolewa haraka ni ukaidi na kujisikia. Naona jibu hilo linawaonea wapigaji.

Tuanze na mwili wenyewe. Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 153 kwa saa unamfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Gongo linaanza nyuma ya bega na kukusanya kasi kadiri linavyozunguka, na hupata nguvu yake kubwa likiwa limeshafika mbele ya kiwiliwili. Likikutana na mpira hapo, uso wake umeshageuka, na kwa mpigaji wa kushoto mpira unakwenda kulia. Akitaka kuupeleka kushoto, lazima auache uingie zaidi, karibu na mwili, augonge gongo likiwa bado linaongeza kasi. Ataupata, ila hautakwenda mbali. Warushaji nao wanalijua hilo. Walinzi wakishahama, mrushaji anamlenga karibu na mikono yake, mahali ambapo kuupeleka mpira upande wa pili ni kazi ngumu hata kwa bingwa.

Viwanja navyo vinachangia. Yankee Stadium ya New York, mstari wa kulia una urefu wa mita 96 hivi hadi kwenye uzio, na katikati ni mita 124. Mpira wa mita 110 uliopigwa kulia kabisa ni homurani. Ule ule ukienda katikati, mlinzi anaudaka bila shida.

Hapo ndipo lilipo jambo ninaloliona kuwa kiini cha mjadala wote. Walinzi waliohamishwa wanazuia mpira unaoviringika chini, na ule unaopita usawa wa kichwa. Mpira uliopaa juu hauwahusu. Mpigaji mwenye nguvu haishi kwa mipira ya kuviringika. Kwa hesabu zinazotumika kupima thamani ya mapigo, homurani moja ina thamani ya karibu pointi 1.4 kwa timu, na pigo la kufika besi ya kwanza tu, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne anavyovikimbilia mpigaji, halifiki hata 0.5. Kumwambia mtu wa aina hiyo abadili pigo lake ili apate besi moja upande wa kushoto ni kumwomba aache kile kinachomwogopesha mpinzani. Kocha wa upande wa pili akiona homurani zimegeuka kuwa mapigo madogo ya kushoto, atalala usingizi mnono.

Hata hivyo, wanaowalaumu wapigaji wana ushahidi, na baadhi yake unamhusu Williams mwenyewe. Katika fainali za mwaka ule ule wa 1946, St. Louis Cardinals nao walimhamishia walinzi. Akapata mapigo 5 tu katika majaribio 25, na Boston wakafungwa katika mechi ya saba. Kweli, alikuwa ameumia kiwiko kabla ya fainali, na haki inataka tulitaje hilo. Lakini katika mechi ya tatu aliugusa mpira polepole kuelekea kushoto, akafika besi ya kwanza salama, na magazeti yakaifanya kuwa habari kubwa. Mwezi mmoja kabla, tarehe 13 Septemba, alipiga mpira kushoto dhidi ya walinzi wale wale wa Cleveland, akakimbia besi zote kabla haujarudishwa. Mechi iliisha 1-0 na Boston wakatwaa ubingwa wa ligi yao. Kwa hiyo aliweza. Timu inapohitaji mtu mmoja tu afike besi, kuikataa nafasi ya bure kama ile ni kosa, na hapo siwezi kumtetea mpigaji yeyote.

Ila tusilipeleke kosa hilo mbali kuliko linavyostahili. Chris Davis alipiga homurani 53 mwaka 2013, na kufikia 2018 wastani wake wa mapigo, yaani sehemu ya majaribio yanayozaa pigo, ulikuwa umeshuka hadi 0.168. Wengi walisema walinzi waliohamishwa ndio waliommaliza. Mwaka huo alitolewa kwa kukosa mipira mara 192. Mpira usioguswa kabisa hauna habari na mahali alipo mlinzi.

Mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani iliamua kuingilia kati: walinzi wanne wa ndani, wanaosimama karibu na besi, lazima wawe wawili kila upande wa besi ya pili, na miguu yao iwe ndani ya eneo la ndani la uwanja. Wastani wa mapigo wa ligi, uliokuwa 0.243 mwaka 2022, ukapanda hadi 0.248. Mwaka 2024 ukarudi 0.243. Kama walinzi ndio waliokuwa tatizo, nafuu isingeyeyuka kwa msimu mmoja. Kinachowasumbua wapigaji wa leo ni mikono ya warushaji, kasi yao na mizunguko ya mipira yao, na sheria ile haikugusa lolote kati ya hayo. Cal Raleigh wa Seattle alimaliza msimu wa 2025 na homurani 60, akiipaisha mipira upande wake wa kuvutia, yaani kulia akipiga kwa mkono wa kushoto, na kushoto akipiga kwa mkono wa kulia.