Hati ya baba, mikono ya mtoto

Mshtakiwa wa ufisadi akifariki, kesi yake ya jinai hufa naye. Kinachobaki ni ploti, na kwa kawaida jina lililo kwenye hati huwa limeshaanza kuhamia kwa watoto. Kila EACC, tume ya Kenya ya kupambana na ufisadi, inapofuata mali ya namna hiyo hapa Nairobi, utasikia kauli mbili. Kuna wanaosema mtoto wa nyoka ni nyoka, wanyang'anywe wote. Na kuna wanaouliza binti aliyekuwa chekechea hati ilipotolewa alikosea nini.

Hakukosea kitu, na sheria yenyewe inakubali. Kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi kinamnyima muuaji mali ya mtu aliyemuua, kisha kinaagiza mgao ufanywe kana kwamba muuaji ndiye aliyetangulia kufa. Kwa hiyo mwana akimuua baba yake, wajukuu wanaweza kusimama mahali pa mwana huyo na kuchukua fungu lake. Hatia ya baba yao haiwagusi, kwa kuwa mali ya babu ilikuwa halali tangu mwanzo. Hapo ndipo wanaolalamika kwamba kizazi kinaadhibiwa hukosea njia. Kinachochunguzwa ni mali, na jina la ukoo halimo.

Katiba, Ibara ya 40(6), inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Mtu hawezi kurithisha asichomiliki. Hata kwa mali iliyo safi, msimamizi wa mirathi hulipa kwanza gharama za mazishi na madeni, ndipo warithi wagawane kinachosalia. Familia inayolipa mkopo wa benki wa marehemu haisemi imeadhibiwa. Sijaona kwa nini deni kwa umma liwe geni zaidi ya lile la benki.

Tazama pia wanaopoteza zaidi ya warithi. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali ambacho mgao wake wa kwanza, mwaka 1989, ulikuwa kwa Rais Daniel arap Moi. Kampuni hiyo ilinunua baadaye, kwa pesa, ikiwa na hati mkononi. Ikashindwa, kwa sababu mgao wa kwanza haukufuata utaratibu, na hati haiwezi kuwa safi kuliko chanzo chake. Sheria ya mapato ya uhalifu ya 2009 nayo humsikiliza mtu wa tatu aliyepata mali kihalali, kwa malipo yanayokaribia thamani yake, bila sababu ya kushuku. Mrithi hakulipa chochote. Ikiwa aliyetoa mamilioni anarudi nyumbani mikono mitupu, huyu aliyepewa bure atalindwa kwa hoja gani?

Sasa piga hesabu, maana hapa ndipo kilio cha kuonewa hunishinda. Tuseme nyumba iliyojengwa kwenye ploti ya umma mtaani Kileleshwa, Nairobi, imekodishwa kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwaka mmoja ni 960,000; miaka 20 ni milioni 19.2. Pesa hizo zimelipa karo, bima ya matibabu, pengine nauli na chuo cha ng'ambo. Mahakama inaweza kuamuru fidia na riba, lakini haina namna ya kumvua mtu shahada, wala kumfutia watu aliojuana nao darasani. Mtoto akirudisha ploti leo, bado amebaki na sehemu iliyozaa zaidi. Jirani yake, ambaye uwanja wake wa shule ndio uliogeuzwa ploti hiyo, hana cha kubaki nacho. Shahada hiyo abaki nayo kwa amani. Lakini asiongeze na kiwanja.

Hoja ya upande wa pili yenye uzito ni nyingine, nayo ni ya ushahidi. Baada ya miaka 30 faili zimepotea, maafisa wa ardhi wamekufa, na aliyejua kama marehemu alilipia kiwanja yuko kaburini. Madai ya mali ya umma hayafungwi na ukomo wa muda, hivyo mrithi anatakiwa kueleza mambo ambayo hakuyashuhudia. Tena mali huchanganyika: ploti ya wizi, nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mama mwalimu. Kumnyang'anya mama jasho lake ni dhuluma, na mahakama inapaswa kutenga mchango wake kwa stakabadhi: mkopo wa Sacco, risiti za mabati na saruji, hati za mshahara.

Lakini ucheleweshaji nao una wenyewe. Mdaiwa akifa katikati ya kesi ya madai, msimamizi wa mirathi yake huingizwa mahali pake. Ombi hilo lisipoletwa ndani ya mwaka mmoja, kesi dhidi ya marehemu huanguka, na kuifufua kunahitaji sababu ya kuridhisha. Familia inayojua hili haiendi mahakamani Milimani kuomba usimamizi wa mirathi, inakaa kimya. Amri ya kuzuia mali chini ya sheria ya ufisadi ya 2003 hudumu miezi sita, ile ya sheria ya 2009 siku 90. Ikiisha bila hatua nyingine, ploti inaweza kuhamishwa kwa kampuni ya watoto kabla tume haijaamka. Mawakili wa serikali wanaoacha tarehe hizi zipite wamewasaidia warithi kuliko wakili yeyote wa familia.

Kwa mrithi anayetaka kulala usingizi, sheria ya 2003 inaruhusu maelewano nje ya mahakama: anasalimisha hati, mchango halali wa familia unahesabiwa, makubaliano yanasajiliwa kortini. Wakati mzuri wa kuuliza mali ilitoka wapi ni kabla ya kujaza fomu P&A 5, ile ya kuomba usimamizi wa mirathi, inayotaka mali yote ya marehemu na madeni yake yote. Sachi ya ardhi, yaani upekuzi wa rejista ya kiwanja, pekee haitoshi, kwa kuwa humwonyesha mwenye hati wa leo tu. Omba faili yenyewe, uangalie kiwanja kilikuwa cha nani kabla ya baba.