Mita tisa za Mufindi

Kijana aliyejifunza gofu Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, akishuka Dar es Salaam kushindana, kinachomwangusha mapema mara nyingi ni hewa. Mufindi iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, na mpira huruka mbali kuliko pwani kwa takriban asilimia 6 hadi 7. Fimbo namba 7 inayompa mita 140 kule juu, Dar itampa kama 131. Hizo mita tisa zinatosha kuutoa mpira katikati ya grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) na kuuzamisha kwenye mchanga wa banka ya mbele.

Wengi husema hewa ya pwani ni nzito kwa sababu ina unyevu. Sivyo. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Kinachoipa hewa ya pwani uzito ni huko kuwa chini, usawa wa bahari. Unyevu unaleta shida yake kwenye nyasi, maana mpira ukitua haubingiriki sana.

Lipo jambo jingine ambalo makocha wetu hawalisemi vya kutosha. Hewa nyepesi huuficha mpira unaopinda. Mkwaju unaokata kulia kidogo Mufindi, pwani unakata zaidi na kuingia vichakani, na kijana anaanza kubadili mshiko siku ya mashindano, wakati mkono wake ni ule ule. Mshiko asiuguse.

Dawa ni daftari. Chukua mipira kumi ya aina moja, maana mipira ya kuokoteza inatofautiana na itakudanganya. Piga yote kwa fimbo moja, kedi (mbeba fimbo) akiwa mbele akichomeka kijiti pale kila mpira unapotua. Asichomeke pale uliposimama, maana kubingirika kunategemea nyasi. Ondoa miwili iliyokwenda mbali zaidi na miwili mifupi zaidi, kisha pima ile sita iliyobaki kwa utepe na utafute wastani. Fanya hivyo kwa kila fimbo iliyo kwenye mfuko wa gofu (sheria inaruhusu 14 tu), halafu gawa kila namba kwa 1.07 uandike safu ya pili: pwani. Usipimie asubuhi ya Julai kwenye baridi kali, kwa sababu mpira uliopoa haurudi vizuri kwenye uso wa fimbo na namba zitatoka fupi.

Safu hiyo ya pili nayo ni makisio tu. Nenda Dar siku tatu kabla ya mashindano uihakiki uwanjani, hasa fimbo za kupigia grini.

Kwa maoni yangu, asiye na daftari hilo asikimbilie kuwa mchezaji wa kulipwa. Mashindano mengi ya kulipwa ni raundi nne, mashimo 72, na baada ya mashimo 36 mchujo unapita. Aliyechujwa kwa kawaida hapati kitu, ilhali nauli, malazi na ujira wa kedi ameshalipa. Kwa anayetoka Mbeya, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Mikwaju miwili iliyopotea bankani katika raundi mbili za kwanza inatosha kumrudisha nyumbani na deni.

Wala hakuna anayemfukuza. Tangu kanuni mpya za mwaka 2022, mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kupokea zawadi ya fedha isiyozidi dola 1,000 katika mashindano yasiyotumia handikapu (nafuu ya mikwaju anayopewa mchezaji dhaifu). Anaweza kucheza msimu mzima pwani akiwa bado wa ridhaa, daftari mkononi, akifuta namba na kuandika nyingine, hadi zile za safu ya pili ziache kubadilika.