Kiraka au kujenga upya: somo la Samba

Samba, programu inayoiwezesha mashine ya Linux kugawa mafaili kwa kompyuta za Windows, ilianzishwa mwaka 1992 na Andrew Tridgell wa Australia. Msimbo wa umri huo hauguswi ovyo. Ndani yake kuna mazoea mengi ya Windows ambayo hayakuandikwa popote, na yaligunduliwa kwa majaribio tu. Ukifuta mstari unaouona hauna maana, huenda mteja fulani, yaani kompyuta inayoomba mafaili, akashindwa kufungua faili lake kesho yake. Basi kasoro ikionekana, itiwe kiraka, yaani rekebisho dogo la mahali pamoja, au sehemu hiyo iandikwe upya?

Wanaotetea viraka wana ushahidi. Udhaifu CVE-2017-7494 (CVE ni namba ya orodha ya kasoro za usalama zinazojulikana) ulikuwamo tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2010, nao ulimruhusu mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye saraka apakie maktaba yake, yaani faili la msimbo, na kuifanya seva iiendeshe. Dawa ilikuwa ndogo mno: kulikataa jina la paipu (njia ya mawasiliano kati ya programu) lenye alama ya mkwaju (/). Kuivunja seva nzima kwa ajili ya hilo kungekuwa hasara tupu.

Lakini kuna kasoro isiyotibika hivyo. Mteja huomba faili kwa kutaja njia yake. Seva hukagua kama njia hiyo inabaki ndani ya saraka iliyogawiwa, ndipo ifungue. Kati ya kukagua na kufungua pana mwanya. Anayewahi kuondoa saraka moja na kuweka kiungo kinachoelekea kwingine huifanya seva ishughulikie kitu ambacho haikukikagua. Mwaka 2017 mwanya wa aina hii, CVE-2017-2619, ulizibwa. Ukajitokeza tena mahali pengine kama CVE-2021-20316. Hapa kosa halikuwa kwenye mstari mmoja, lilikuwa kwenye wazo lenyewe la kuliamini jina la njia mara mbili. Kila kazi iliyotegemea jina ilikuwa na mwanya wake.

Ndiyo maana toleo la 4.15 la mwaka 2021 lilikuja na tabaka la mafaili lililoandikwa upya, likifanya kazi kwa vishikio, yaani marejeo ya moja kwa moja badala ya majina, vya mafaili na saraka zilizokwisha kufunguliwa. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, na gharama yake isifichwe. Matoleo ya zamani hayakupata kiraka cha udhaifu ule, kwa kuwa mabadiliko yalikuwa makubwa mno kurudishwa nyuma. Moduli, yaani vipande vya nyongeza, zilizoandikwa na watu wengine kwa tabaka la zamani zilihitaji kurekebishwa. Kasi nayo ilishuka kwenye kazi zenye kugusa mafaili mengi madogo, maana kila kipande cha njia kilihitaji kuthibitishwa. Nafuu kubwa ilipatikana kwenye 4.17, mwaka 2022, kwa kutumia openat2, wito uliomo kwenye keneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 5.6, unaoipitia njia nzima kwa mkupuo na kukataa viungo vyote.

Kumbe hata walioandika upya hawakuitupa seva. Walibadilisha tabaka moja, toleo baada ya toleo, huku mafaili ya watu yakiendelea kugawiwa. Nami kipimo changu ni hiki: kasoro ya aina ileile ikirudi baada ya kuzibwa, muda wa viraka umepita kwa tabaka hilo, na kwa hilo tu. Aliyebaki nyuma ya 4.15 bado ana la kufanya: azime SMB1, toleo la kale la lugha ya Windows ya kugawa mafaili, na asiigawe saraka ileile kwa NFS, njia nyingine ya kugawa mafaili kwenye mtandao, kwa sababu shambulio la CVE-2021-20316 lilihitaji mojawapo ya milango hiyo miwili.